Diski ya Tatu na Majani ya Ifi

Mume wangu Penisimani ana vidole vya kuchezea mashine na kichwa cha kusahau. Vidole vilimpa jina, kichwa kikamvua nguo hadharani, na mimi mkewe nikawa napita sokoni nimejifunika khanga ya aibu ambayo sikuishona mimi.

Hapa Neiafu, mji wetu mdogo wa bandari, hakuna asiyemjua. Ukishuka gatini ukauliza kwa Peni wa diski, hata mtoto atakupeleka kwenye kile chumba cha mabati nyuma ya soko, chenye feni inayolalamika na kompyuta mbili zilizovuliwa magamba ili zipate hewa. Harusi, mazishi, mtoto kutimiza mwaka, siku ya sadaka kubwa kanisani, yote anayapiga video yeye. Halafu anayachoma kwenye diski, na diski zinapanda ndege kwenda kwa ndugu zetu walioko Auckland, Sydney na Marekani, ambao ni wengi kuliko sisi tuliobaki huku visiwani Vava'u na nguruwe. Mtandao ulikuwepo, sikatai, lakini kupeleka video ya harusi kwa mtandao ule ni kama kuhamisha maji ya kisima kwa kijiko. Kwa hiyo ilikuwa ni diski, kwenye bahasha, katikati ya nguo za msafiri.

Na alikuwa na maringo yake! Wengine walikuwa wanaikamua video mpaka ienee kwenye diski moja, watu wakatoka na nyuso zilizopikwa kama uji. Peni hataki. Yeye aliituma nzima, ameikata vipande, kila kipande na diski yake. Kule Auckland mtu ananakili vyote kwenye kompyuta yake, anaviweka mahali pamoja, anabonyeza, na mashine inacheza kimoja baada ya kingine bila kuuliza swali. Inacheza chochote inachokikuta mle. Hilo la mwisho likumbuke, maana ndilo lililotuua.

Baba mkwe alipofariki, watoto wake wawili walikuwa ng'ambo. Makisi, mdogo wake Peni, alikuwa amekwama kazini kwake Auckland. Na Lesieli, dada yao mkubwa, alikuwa amelala hospitali huko huko Auckland, nyonga imefunguliwa na kutiwa vyuma. Daktari alimwambia akipanda ndege atarudi kwa kiti cha magurudumu. Lesieli alikuwa kipenzi cha baba yake. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga simu, na mzee alikuwa anavaa shati safi ili kuongea na simu.

Sasa huyo dada, lazima nikueleze alivyo kwa Peni. Kwetu dada yuko juu ya kaka. Peni ana mvi, ana watoto, lakini hajawahi kukanyaga chumba anacholala dada yake, wala kutaniana naye. Walipokuwa wadogo, mmoja akiingia sebuleni kutazama filamu, mwingine anatoka. Neno la kitandani halipiti kati yao, la chooni halipiti, hata la nguo za ndani. Nilipokuwa na mimba ya Meliame, binti yetu, Peni alishindwa kumwambia dada yake. Alichosema kwenye simu ni kwamba siku hizi Akosita hataki samaki. Akosita ndiye mimi. Lesieli alielewa, akatuma nepi.

Siku moja kabla ya mazishi Lesieli alipiga simu kutoka kitandani. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kaka, siwezi kuja kumzika baba."

"Najua, dada."

"Basi wewe ndiye macho yangu. Nataka kumwona akishuka, na ule mkeka niliomtumia ukifika umtandikie. Usinikatie hata kidogo, hata zile nyimbo ndefu, hata watu wakikohoa."

"Sitakata, dada. Nakuahidi."

Na kweli hakukata. Mtu anamzika baba yake mwenyewe huku jicho moja liko kwenye kamera! Alipiga video kuanzia maiti inapofika mpaka mchanga mweupe unamwagwa juu ya kaburi, na machozi yalikuwa yanamtiririka na mkono hautikisiki. Nilimheshimu sana siku hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko nitamsema vibaya.

Diski mpya zikamwishia. Meli ya kutoka Nuku'alofa ilikuwa imezuiwa na dhoruba, na dukani hakukuwa na kitu isipokuwa makopo ya nyama. Binamu yetu alikuwa anaruka kwenda Auckland asubuhi ile, gari limeshasimama mlangoni, dereva anapiga honi. Ilipungua diski moja tu, ya kipande cha tatu, ambacho kilikuwa kifupi: jeneza linatoka kanisani na kuelekea makaburini. Peni akaingiza mkono kwenye bati la diski za zamani, zile zinazofutika na kuandikwa tena, akatoa moja, akaitia kwenye mashine.

Diski ile ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu, wale wanaokuja na boti zao za matanga wakati wa nyangumi. Alikuja na kompyuta yake akitaka video zake zichomwe kwenye diski. Kisha upepo ukamfaa, akaondoka kwenda Fiji na kuacha moja nyuma. Peni alitakiwa kuifuta kwanza. Hakuifuta. Mashine ikaona pamebaki nafasi, ikaandika mazishi pembeni ya mambo ya mzungu, yote mawili yakalala pamoja kwa amani. Kila diski huwa anaijaribu kabla haijatoka mlangoni. Hii alifungua kile kipande alichokijua, akaona jeneza, akaridhika, akaitia kwenye bahasha. Honi ilikuwa inalia, jamani. Lakini hata mimi, nikipika huku honi inalia, naonja chumvi.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia. Alikuwa Makisi. Anaongea kwa sauti ya juu siku zote, safari hii nilimsikia nikiwa jikoni.

"Kaka, umetuma nini?"

"Mazishi," Peni akajibu. "Zimefika? Zimekaa sawa?"

"Mazishi gani yana wazungu?"

Peni akafikiri kidogo. "Labda wale walimu wa kujitolea. Walikuja kanisani, walikaa nyuma."

"Watupu, Peni! Wazungu watupu! Kama walivyotoka tumboni! Jeneza linatoka kanisani, wanawake wanalia, mara tunaona boti, na watu wazima wanaruka majini na makalio yao! Halafu wawili wakabaki juu ya boti. Sitasema walichofanya. Mchungaji alikuwepo!"

Nilicheka. Nani asingecheka? Nilijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Kisha nikamwona mume wangu usoni, kicheko kikakatika chenyewe.

"Dada alikuwepo?" akauliza polepole.

"Nani mwingine tuliyemkusanyikia? Alikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka, mguu wake juu ya mto. Sisi wanaume tulikaa huku mlangoni. Kwa vile ni msiba wa baba tukasema haya, leo tutakaa chumba kimoja na dada. Leo tu! Kaka, nilitokea dirishani. Mimi na mtoto wa baba mdogo tuling'ang'aniana kwenye dirisha moja, nikaacha kiatu."

"Na yeye?"

Makisi akashusha sauti, na kwa Makisi hilo ni jambo.

"Yeye angekimbiaje, Peni? Nyonga ina vyuma. Alibaki pale pale. Alijifunika uso kwa mkeka wa msiba aliojifunga kiunoni mpaka mtoto alipochomoa waya ukutani. Tulipotoka ilikuwa bado inacheza."

"Nimpigie simu?"

"Umpigie umwambie nini? Utalitaja? Kwa dada?"

Peni akaweka simu chini taratibu, kama yai. Akaenda nje akakaa kwenye ngazi, hakula.

Hapo ndipo uone ubaya wa jambo lenyewe. Ungemkanyaga dada yako mguu, ungeomba radhi. Ungemtukana mtu, ungeomba radhi. Lakini kosa hili, kuliombea radhi ni kulitaja, na kulitaja mbele ya dada ni kulifanya mara ya pili. Na yeye naye hawezi kuuliza, maana kuuliza nako ni kutaja. Basi wakabaki hivyo, huyu huku na huyu kule, na bahari katikati.

Kibaya zaidi, hakuna aliyeendelea kutazama. Vipande vingine vilibaki palepale. Makisi alinieleza baadaye kwamba Lesieli alizifunga diski zote kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati, na hakuna mkono nyumbani kwake uliothubutu kukigusa. Kwa hiyo alimwacha baba yake njiani, kati ya kanisa na makaburi. Hakumwona akishuka.

Habari zilirudi Neiafu kabla ya ndege iliyofuata, sijui zilipanda nini. Sokoni, mwanamke anayeuza mihogo karibu nami akaniita mbele za watu:

"Akosita! Mwambie mumeo mjomba wangu anaumwa, aanze kutafuta wazungu mapema!"

"Mjomba wako akikuona wewe unaoga hatahitaji wazungu, atapona au atakufa papo hapo," nikamjibu. Watu wakacheka, nami nikacheka kwa meno tu. Nilikunja mikeka yangu ya kuuza nikarudi nyumbani kabla ya saa sita.

Wanaume nao hawakumwacha. Kwenye kikao cha kava, kile kinywaji cha mizizi wanachokunywa wanaume wetu, mmoja akamwinulia kifuu akasema, "Haya, Peni, ya mazishi hiyo." Peni akanywa, akapiga makofi kama desturi, akaondoka, na hakurudi tena kwenye kava. Kanisani alianza kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, anatoka kabla ya baraka. Kibao chake cha biashara akakishusha, kompyuta zake akazifunika shuka kama maiti, akaenda kulima. Peni kulima! Alirudi jioni na malengelenge viganjani, viazi vikuu amevikatakata kwa jembe. Waliokuja kutaka video ya harusi aliwaambia kamera imeharibika. Mimi nilijua haikuharibika. Ilikuwa imefungwa kwenye shati la baba yake, uvunguni.

Lesieli alirudi kupiga simu za Jumapili, lakini kwangu.

"Akosita, hamjambo?"

"Hatujambo, wifi. Mguu?"

"Unakubali. Natembea na fimbo. Watoto?"

"Wazima."

"Nguruwe?"

"Mmoja amezaa."

"Na kaburi la baba, mnalifagia?"

"Kila Jumamosi, wifi."

Hapo nilikuwa nasikia pumzi yake tu. Nilijua anachotaka kuniuliza, na yeye alijua kwamba najua. Kisha anasema, "Haya, wasalimie watu wa nyumbani." Zamani alikuwa anasema, "Msalimie kaka yangu." Peni alikuwa amesimama nyuma ya mlango kila Jumapili, anangoja lile neno moja, na kila Jumapili halikuja. Anaondoka kwa kunyata ili nisijue kwamba alikuwepo.

Nilichoka. Mimi si mtu wa subira, hata mama yangu atakwambia.

"Kanda za kamera si unazo?" nikamwambia. "Choma nyingine, tuma, yaishe!"

"Nikituma nyingine nimesema nini kuhusu ile ya kwanza?"

"Umesema ilikuwa mbovu. Basi!"

"Mbovu kwa nini? Atajiuliza, na atakumbuka, na mimi ndiye nitakuwa nimemkumbusha."

"Basi mwambie! Sema, dada, nisamehe, nilikosea diski."

Aliniangalia kama mtu niliyemwambia akojoe kanisani. "Kwa dada yangu, Akosita? Niseme nini kilikuwa kwenye diski?" Halafu akasema kitu kilichoniuma mpaka leo. "Aliniambia mimi ndiye macho yake. Ona nilichomwonyesha." Akalia, mtu mzima, mikono yake yenye udongo imeshika magoti. Nilimwonea huruma na nikamwonea aibu, yote kwa pamoja, na sikujua ipi nianze nayo.

Jumamosi moja hakuja kula asubuhi. Nilimwona anatoka msituni amebeba matawi ya mti wa ifi. Akaketi ngazini, akachuma majani mapana mapana, akaanza kuyafunga kwenye kamba, moja moja, kuwa shada la shingoni.

Majani ya ifi hayavaliwi kwa urembo. Zamani mtu aliyemkosea mfalme kosa lisilo na maneno alivaa mkeka mkuukuu uliochanika, akatia majani yale shingoni, akaenda akaketi chini mbele yake, kichwa ameinamisha. Hasemi kitu. Anakaa hivyo hivyo mpaka aliyekosewa amwambie ayavue. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yangu tu.

"Peni, unakwenda wapi na hayo?"

"Ningekuwa na mbawa ningekwenda Auckland. Nani atanipa viza ya kwenda kukaa chini uani kwa dada yangu?"

"Sasa?"

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na lile shati la mzee. Akafungua kamera, akanipa. "Utashika wewe."

"Mimi? Sijui hata pa kubonyeza!"

"Nitakuonyesha. Nikimwita mtu mwingine, Neiafu nzima itajua."

"Neiafu nzima inajua, baba Meliame."

"Basi wasijue zaidi."

Tukaenda makaburini kwa njia ya nyuma. Kaburi la baba mkwe lilikuwa limefagiliwa, mchanga mweupe umesawazishwa, chupa zimechomekwa kichwa chini kulizunguka, na blanketi la viraka alilolishona Lesieli lilikuwa linapepea kwenye fito juu yake, kama ilivyo desturi yetu. Peni akavaa mkeka wake wa msiba, ule mkubwa unaochakaa, akatia shada shingoni, akaketi mchangani miguu ameikunja.

"Nyekundu inawaka?"

"Inawaka."

"Basi nyamaza. Usinisemeshe."

Akainamisha kichwa. Nikabaki nimesimama na lile dude begani, jicho moja nimelifumba. Kuku akapita kati yetu, akamchunguza, akaenda zake. Mbu wakamjia, hakuwafukuza. Bibi mmoja akapita na kikapu cha vifuu, akamwona, akafungua mdomo acheke, kisha akaona majani. Akatua kikapu chake. Akaketi chini pale pale njiani, akainamisha kichwa na yeye, muda, halafu akanyanyuka akaenda bila kutuamkia. Hapo nilishindwa, nikalia na kamera ikalia nami. Video ile ukiitazama utadhani kuna tetemeko la ardhi.

Nilipozima nikamwambia, "Tayari, vua twende."

"Hajaniambia nivue," akasema.

Nikadhani ni maneno tu.

Meli ilikuwa imeleta diski. Safari hii nilisimamia mimi. Pakiti ilifunguliwa mbele yangu, ikiwa bado na plastiki yake ya dukani. Kila diski iliyotoka kwenye mashine niliitia kwenye kompyuta ya pili, nikaitazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nyimbo zote, vikohozi vyote, Peni amesimama nje. Nilipofika pale mzee anaposhushwa nililia tena kama siku ile. Kisha nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika jina langu juu ya kila moja. Diski ya Peni kukaa mchangani nikaipa namba ya kwanza.

"Mbona jina lako?" akauliza.

"Kwa sababu lako haliingii tena kwenye mashine ya mtu."

Hakubisha. Muuguzi mmoja wa hospitali yetu alikuwa anakwenda Auckland, akazibeba. Nami nikampigia Lesieli mwenyewe, si Jumapili. Wifi mkubwa si mtu wa kumpigia ovyo.

"Wifi, kuna kitu kinakuja kwa muuguzi. Nimekituma mimi."

"Kitu gani?"

"Ni mimi niliyekituma, wifi. Nimekitazama mimi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, chote. Nimekitazama mara mbili."

Nikasikia fimbo yake inagonga sakafu.

"Haya," akasema, akakata.

Jumapili ikapita bila simu. Ikapita nyingine. Na mume wangu alikuwa anavaa yale majani. Ndiyo, ndani ya nyumba! Akitoka anayatundika msumarini juu ya mlango, akiingia anayavaa, anakula nayo, analisha nayo nguruwe uani. Yalikauka yakawa ya kahawia, yakaanza kumeguka, kila ninapofagia nafagia majani ya ifi.

"Unanichafulia sakafu, Peni."

"Hajaniambia nivue."

Nilitaka kumpiga na ule ufagio. Nilitaka pia kumkumbatia, lakini majani yangevunjika.

Kisha simu ikalia, Jumapili, tukiwa tumetoka ibadani, chakula bado kimo kwenye tanuri ardhini.

"Akosita."

"Naam, wifi."

"Nani alishika kamera?"

"Mimi."

"Nilijua. Msalaba wa baba umeukata kichwa kila mara."

"Nisamehe, wifi."

"Nimemwona baba." Sauti yake ikabadilika. "Nimemwona akishuka. Mmemlaza juu ya mkeka wangu."

"Ule uliotuma. Peni ndiye aliyeutandika, kwa mikono yake."

"Nilidhani umebaki njiani. Miezi yote hii nilidhani baba ameshuka bila kitu changu."

Akalia, nami nikalia, simu ikabaki inasikiliza. Kisha akapenga kamasi, akarudi kuwa wifi mkubwa.

"Kaka yangu yupo hapo?"

Nikageuka. Alikuwa nyuma ya mlango kama kawaida yake, nikauona unyayo wake kwa chini.

"Yupo, wifi."

"Mwambie avue yale majani. Lazima yameshakauka."

Sikuhitaji kumwambia. Akatoka nyuma ya mlango, shingoni imebaki kamba na majani mawili matatu yaliyojikunja. Akainama pale mbele ya simu kama mtu aliye mbele ya mtu, akaivuta ile kamba kichwani, akashindwa kuipitisha masikioni, nikamsaidia.

"Amevua, wifi."

"Mpe simu."

Peni akafuta viganja kwenye sketi yake ya ibada, ile wanayovaa wanaume wetu, akaipokea kwa mikono miwili.

"Naam, dada," akasema. Akasikiliza. "Ndiyo, dada. Mvua imenyesha vizuri. Viazi vikuu, ndiyo, nimelima mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni, naye anaendelea kumweleza dada yake habari za viazi, kimoja kimoja, shamba zima.